Bendi ya Chumba cha Kuanikia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo asubuhi, na kwa watu wa dobi mvua ni mkosi. Mama Dobi, bosi wangu, katuhamishia kamba zote kwenye chumba cha nyuma. Mashuka ya hospitali, mablanketi ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya maabara, yote yananing'inia humo yakidondosha maji huku feni mbili zikiyapepea. Na humo humo ndimo bendi yetu inamofanyia mazoezi kuanzia saa kumi na moja, pasi zikishazimwa. Sharti la Mama Dobi ni moja: atakayegusa shuka kwa mkono mchafu atalifua mwenyewe.

Tuko wanne. Mimi gitaa, mdogo wangu wa kiume besi, binamu yetu Sufuria dramu, na Mwimbaji. Sufuria alipata jina hilo utotoni kwa sababu hakukuwa na chombo cha jikoni alichokiacha kizima. Tunapiga roki. Mama akiulizwa wanawe wanafanya nini jioni, hujibu, "Wanagombana na umeme."

Jumatano, 5 Machi

Mwimbaji hakuja.

Alhamisi, 6 Machi

Mwimbaji hakuja. Simu inaita tu.

Ijumaa, 7 Machi

Mwimbaji kajiunga na bendi ya maharusi. Hata kuaga hakuaga. Kamtuma dada yake aje kuchukua maikrofoni. Tamasha la bendi changa ni tarehe tatu Mei na tulishajiandikisha. Sufuria akasema ataimba yeye. Aliimba ubeti mmoja, Mama Dobi akachungulia mlangoni kuuliza nani kaungua.

Jumatatu, 10 Machi

Baba kaja hapa dobi na mwavuli.

Huu ni mwaka wake wa tatu tangu astaafu. Miaka thelathini alipiga tarumbeta kwenye brasi bendi ya kikosi cha zimamoto, mpaka kikosi kikaivunja bendi na kuwarudisha wapulizaji nyumbani. Tangu hapo hajui aiweke wapi mikono yake. Anatia mafuta bawaba za milango ambayo haijalalamika. Leo Mama kamfukuza: "Nenda kampokee mwanao, mvua inanyesha." Mwana mwenyewe nina miaka ishirini na tisa na mwavuli wangu ninao.

Akakaa juu ya kapu la nguo, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dramu zinakimbia, gitaa linazikimbiza, besi anaomba msaada." Tulinuna wote watatu.

Jumanne, 11 Machi

Baba tena.

Jumatano, 12 Machi

Baba tena, na safari hii na mkoba mweusi. Naujua mkoba ule. Mama huiita tarumbeta mke mwenzake. Anasema siku anaolewa alimkuta keshatangulia ndani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya jambo baya na sijui niliandike vipi.

Tulikuwa tunapiga wimbo wetu wa pole, ule ambao Mwimbaji alikuwa akiuimba huku kafumba macho. Palipokuwa pake tunapaacha patupu sasa, tunasubiri papite. Mara tarumbeta ikaingia pale pale, kutokea nyuma ya mashuka. Hatukumwona Baba, tuliona shuka moja tu likitikisika. Alikuwa ameukariri wimbo kwa siku tatu za kukaa kwenye kapu. Mdogo wangu akaanza kutabasamu. Kwenye ile sauti ya juu tarumbeta ikakwaruza, ikakatika.

Nikazima gitaa. "Baba, hatujakuomba."

Feni zikawa zinazunguka tu. Akaifuta tarumbeta yake, akairudisha mkobani, akasema, "Kweli, hamjaniomba," akatoka. Mwavuli kauacha hapa.

Nilikuwa na hasira, na hasira zenyewe ni za zamani. Kila sikukuu ya utoto wangu Baba alikuwa kwenye gwaride. Siku yangu ya kwanza shuleni nilipelekwa na jirani. Nimejipatia kitu changu kimoja, kwenye chumba kinachonuka sabuni, na humo pia kaja na tarumbeta yake. Lakini usiku huu nalala na ukweli mwingine: alivyopiga yeye ni bora kuliko Mwimbaji alivyowahi kuimba.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuja. Nimeunguza kola ya mteja.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekwenda nyumbani kwa wazazi. Baba alikuwa amelala, au anajifanya. Mama akanivuta jikoni, akaniambia huku anaosha vyombo, bila kunitazama.

Jino la mbele la Baba, la juu, linacheza. Mzizi umeoza. Daktari wa meno kataka kuling'oa tangu mwezi uliopita. Baba kamwomba amwachie kidogo, na daktari kakubali kumpa dawa za kuzuia usaha mpaka mvua ziishe, siku moja zaidi hapana. Kile kikombe cha kupulizia hukaa juu ya jino hilo hilo. Likitoka, tarumbeta imekwisha.

"Kaitoa chini ya kitanda baada ya miaka mitatu," Mama akasema. "Nikamwambia, kama ndiyo kuagana, si muagane humu ndani? Akasema mtu haagani na kitu akiwa peke yake. Ndiyo maana nilimpa mwavuli."

Jumapili, 16 Machi

Nimemwamkia shikamoo mlangoni, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujiandaa kukataa.

"Baba, njoo upige na sisi. Mpaka tamasha."

"Mama yako ana mdomo mrefu. Sitaki kuhurumiwa mimi."

"Sina huruma, Baba. Nina shida. Sina mwimbaji."

Akalifikiria hilo. Akapitisha ulimi juu ya lile jino kama anayelitaka shauri.

"Peke yangu siwezi," akasema. "Honi moja ya kupuliza katikati ya hizo kelele zenu itakuwa yatima. Nitakuja na mwenzangu."

Jumatatu, 17 Machi

Mwenzake ni Baba Mdogo. Kwa damu si ndugu, ni mpiga tromboni wa kikosi. Wamekaa kiti kwa kiti tangu ujana na nimemwita hivyo maisha yangu yote. Ni mnene, mpole, na tromboni yake, ile honi yenye bomba la kuvuta, ikinyooka inafika kwenye mashuka. Leo imesukuma mashuka mawili chini. Kayafua mwenyewe, kayakamua, kayaanika, bila kuambiwa. Mama Dobi kampenda papo hapo.

Jumatano, 19 Machi

Mbaya.

Ijumaa, 21 Machi

Mbaya zaidi. Wazee wanapiga kama wanaopanda ngazi na magunia. Baba anakosa sauti ambazo mtoto wa shule hazikosi. Mdogo wangu, fundi vioo, mtu wa kupima mara tatu kabla ya kukata, kaniambia pembeni, "Dada, labda tumechelewa. Labda mdomo umeshakwisha." Nami nilikuwa nafikiria hivyo hivyo.

Jumanne, 25 Machi

Mvua mchana kutwa. Mashuka hayakauki, hospitali inapiga simu, Mama Dobi anafoka. Mazoezini Baba alitoka damu kwenye fizi. Akasema ni mswaki.

Alhamisi, 27 Machi

Leo tumejua tatizo ni nani. Ni mimi.

Baba alikuwa ametoka kusukutua mdomo. Baba Mdogo akaniita kwenye meza ya pasi, ambako nilikuwa nimesahau kuzima moja, akasema kwa upole wake, "Mwanangu, nikuulize. Hizi nyimbo zenu zote, mbona zinaanzia mahali pamoja?"

Nikamwonyesha. Uzi mzito wa gitaa, ukiwa wazi, bila kidole. Hapo ndipo gitaa linapounguruma vizuri. Wapiga roki wengi wanakaa hapo.

"Basi hapo ndipo pabaya kwetu. Kwa tarumbeta hapo vidole vinajikunja hovyo, na kila sauti iko upande wake mgumu. Mtu mzima mwenye meno yake yote anatoka jasho. Baba yako unampandisha mlima kila jioni, na mguu wenyewe mbovu."

"Mbona hakusema?"

"Aseme nini? Kashaambiwa hajaombwa."

Nilisimama pale mpaka pasi ikaanza kunuka. Kisha nikauliza, je, tukishuka kidogo? Akasema nusu sauti tu ingetosha. Nusu sauti chini ni nyumbani kwao, brasi bendi zote zinaishi huko.

Nikakaa chini nikalegeza nyuzi zangu zote sita, mmoja mmoja. Mdogo wangu akalegeza za besi, anapima, anapima tena. Baba aliporudi hatukumwambia kitu. Sufuria akahesabu, tukaanza.

Sijui niieleze vipi sauti iliyotoka. Nyuzi zikilegea gitaa linakuwa zito, linavuta miguu, na honi zikakaa juu yake zimestarehe. Baba alifika ile sauti ya juu akapita bila kuitazama. Akashusha tarumbeta, akatuangalia mmoja mmoja, macho yamejaa maji.

"Nani kahamisha mlima?" akauliza.

"Mimi, Baba. Nisamehe."

"Haya, tuendelee kabla pasi haijaita zimamoto."

Nampenda Baba yangu. Naliandika hapa kwa sababu kulisema sijazoea.

Jumatano, 2 Aprili

Nyimbo tatu sasa. Mashuka yanayonya mwangwi wote, kwa hiyo tunasikilizana hata pumzi.

Jumamosi, 5 Aprili

Watu wa tamasha wanataka jina la bendi. Mama Dobi alikuwa amesimama hapo na kapu, akasema hataki kusikia majina ya simba wala radi kutoka kwa watu wanaojificha nyuma ya mashuka mabichi. Sufuria akaandika: Shuka Mbichi. Mdogo wangu kapinga. Kashindwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Baba anakuja mapema siku hizi, saa tisa, anisaidie kukunja. Shuka la hospitali linataka watu wawili: mnashika ncha, mnarudi nyuma, mnalivuta, kisha mnasogeleana mpaka mikono ikutane, mnaanza upya. Tulifika kama la ishirini hivi ndipo akasema, tukiwa mbali kwa urefu wa shuka zima:

"Siku yako ya kwanza shule tulikuwa tunamzika mwenzetu. Paa lilimwangukia. Kikosi kizima kilipiga."

Tukasogeleana. Akanikabidhi ncha zake.

"Sikukuambia. Ulikuwa na miaka sita, ningekuambia nini? Halafu ukakua, nikaona umeshasahau."

"Sikusahau."

"Najua. Niliona siku ile uliponiambia hamjaniomba."

Akachukua shuka lingine. Miaka yote hii nilidhani gwaride lilikuwa raha yake. Nikamwomba anisimulie habari za huyo mwenzao, akanisimulia mpaka kapu likaisha.

Jumatano, 16 Aprili

Shavu la Baba limevimba. Nikamwambia tuache, apige Baba Mdogo peke yake. Akanitazama kama niliyemvua shati hadharani. Daktari kamwongezea dawa. Mvua imepungua.

Jumanne, 22 Aprili

Jua masaa mawili. Kila mtu dobi kafurahi isipokuwa mimi.

Jumatatu, 28 Aprili

Kawekewa miadi ya kung'oa: tarehe tano Mei. Siku mbili baada ya tamasha. Sasa anapiga kwa kutumia upande mmoja wa mdomo, na sauti bado ni tamu. Mdogo wangu hawezi kumtazama akipiga. Anaangalia vidole vyake mwenyewe.

Jumamosi, 3 Mei

Nitaandika yote.

Tamasha lilianza saa nane mchana kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Sisi tulikuwa wa nne. Mama alikuwa safu ya mbele na Mama Dobi, wote wamevaa nguo nilizozipiga pasi mimi. Tulikuwa tumeketi nyuma ya jukwaa. Mdogo wangu akaenda kona na besi, kama kawaida yake, kuhakikisha.

Tukapanda. Sufuria akahesabu. Sauti ya kwanza ikatoka mbovu. Mimi na honi tulikuwa mahali, besi iko mahali pengine. Si mbali, nusu sauti tu, na nusu sauti ndiyo mbaya kuliko zote. Ilikuwa kelele ya mlango wa chuma. Watu wa mbele wakakunja nyuso. Kule kona mdogo wangu alikuwa ameipima besi kwa simu, simu ikamwambia kila uzi umelegea, naye kwa woga akazikaza zote. Katika watu wote duniani, aliyekosea ni yule anayepima mara tatu.

Yeye mwenyewe alijua kuna kitu lakini hakujua nini. Uso ulikuwa umemwisha damu. Na besi haina pa kushukia: tayari yuko kwenye uzi mzito ulio wazi, chini yake hakuna kitu.

Baba akageuka, akamtazama. Kisha akanitazama mimi, akanyanyua nyusi juu, mara moja. Nikaelewa. Nikasema kwa midomo tu, hapana, Baba. Alikuwa keshaweka tarumbeta mdomoni.

Akapanda. Nusu sauti juu, kule kule mlimani, na Baba Mdogo akavuta tromboni akamfuata bila hata kupepesa. Nikasogeza mkono hatua moja mbele kwenye shingo ya gitaa. Kelele ya chuma ikakoma. Ukumbi ukadhani ndivyo wimbo unavyoanza, kwa ugomvi kisha amani. Mtu mmoja akapiga mluzi wa kushangilia.

Wimbo ule ni dakika tano. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake na nilimwona kila alipokaza mdomo. Kwenye sauti ya juu ya mwisho alifumba macho akaishikilia, ndefu, safi, mpaka Sufuria akafunga. Watu wakasimama. Baba akatoa leso, akaikandamiza mdomoni, akaikunja vizuri akaitia mfukoni. Wimbo wa pili na wa tatu alisimama na tarumbeta mkononi, akitikisa kichwa kwa mapigo, na Baba Mdogo akapiga peke yake. Mdogo wangu alikuwa ameshairudisha besi chini, tulipokuwa tunapigiwa makofi, kwa sababu nilimnong'oneza.

Nyuma ya jukwaa nikamwuliza, "Si ungesimamisha tu, Baba? Tungepima nyuzi upya."

"Ningesimamisha," akasema, maneno yanapitia pengo, "ukumbi mzima ungejua ni nani."

Jumapili, 4 Mei

Mdogo wangu kasikiliza tamasha kwenye simu ya Mama. Aliirudia mara tatu, bila shaka. Akaja kwa Baba akapiga magoti.

Baba kamshika kichwa. "Inuka bwana. Lilikuwa la kutoka kesho. Bora limetoka kwa ajili yako kuliko kwenye koleo la yule daktari."

Mdogo wangu akalia, Mama akalia. Mimi nilikwenda kuwasha jiko ili niwe na jambo la kufanya.

Jumanne, 6 Mei

Daktari kasafisha mzizi. Tarumbeta imerudi chini ya kitanda.

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi bila Baba. Nilipofika pale pake sikuweza kuendelea.

Jumatano, 14 Mei

Jua kali. Mama Dobi kasema kamba zitolewe nje. Nikaomba aniachie mashuka machache ndani. Akaniachia.

Jumamosi, 24 Mei

Leo Baba Mdogo kaingia kinyumenyume akivuta kitu mlangoni: tuba, ile honi kubwa ya besi, kaiazima stoo ya kikosi. Nyuma yake Baba.

Baba Mdogo kaeleza kwamba kikombe cha tuba ni kipana kama kikombe cha chai. Kinakaa nje kabisa ya pengo, meno ya mbele hakina habari nayo. Tatizo ni moja tu: midomo ya tarumbeta haijui tuba. Mtu anaanza upya kama mtoto.

Baba akaketi kwenye kapu, akaikumbatia, akavuta pumzi. Ikatoka hewa. Akajaribu tena, hewa. Mara ya sita ikatoka sauti moja, chini kabisa, nikaisikia kwenye nyayo. Akatafuta ya pili, haikuja. Akatafuta tena na tena, uso umemlowa, na kila mara akirudi anaipata ile ile moja. Mpigaji bora wa kikosi kizima. Akacheka kwa aibu, pengo likaonekana.

"Hii ndiyo niliyo nayo," akasema. "Moja. Mtaifanyia nini?"

Sufuria akaniangalia. Nikamwomba Baba aitoe tena, nikaitafuta kwenye gitaa. Ilikuwa nusu sauti chini ya uzi mzito wa kawaida. Kwenye nyuzi zetu zilizolegea, ilikuwa ndiyo huo uzi mzito wenyewe, wazi. Nikaupiga pamoja naye. Nikapiga kitu kingine juu yake, nikarudi. Mdogo wangu akaingia bila kupima. Tromboni ikaja taratibu, ikazunguka ile sauti moja. Jua linazama tulikuwa na wimbo, wa kwanza kuutunga sisi wenyewe, na umejengwa wote juu ya pale Baba anapoweza kusimama.

Ila tuba inakula pumzi. Kila wimbo ukizunguka na kufika kwake, Baba anachelewa kidogo, kwa sababu anajaza kifua kwanza. Mara ya nne akashusha honi, akafuta midomo.

"Nawachelewesha."

"Hapana, Baba," nikasema. "Sisi ndio tunaowahi."

Tukaanza tena, na tulipofika kwake tukamsubiri.